Barua ya Ohio: Niambie Zilizobaki

Wale mnaonipigia simu Jumanne usiku na haipokelewi, leo nakiri. Silali mapema, wala siko zamu. Nacheza bolingi. Nina timu, nina fulana yenye jina la timu mgongoni, nina viatu vyangu mwenyewe, na nalipa dola 17 kila Jumanne kwa wiki 32. Mkizidisha mtapata 544. Msijisumbue kuniambia hizo ni bati ngapi Tanga, kaka yangu ameshaniambia.

Kwa ambao wameuona mchezo huu kwenye filamu tu: kuna njia ndefu ya mbao iliyopakwa mafuta, na mwisho wake zimesimama pini 10, zilizokaa kama chupa, kila moja ina urefu wa sentimita 38. Zimepangwa pembetatu, moja mbele na nne nyuma. Wewe unasimama umbali wa mita 18 na tufe zito lenye matundu matatu ya vidole, unatembea hatua chache, unaliachia liviringike. Una fremu 10, na katika kila fremu una nafasi mbili. Ukiziangusha zote kwa tufe la kwanza, hiyo ni straiki. Ukizimaliza kwa tufe la pili, hiyo ni spea, neno lile lile la vipuri vya gari. Na pembeni kuna mitaro miwili, kushoto na kulia, inayokusubiri kwa subira kubwa.

Niliingia kwa bahati mbaya. Kazini kwetu, nyumba ya wazee hapa Columbus, wenzangu watatu walikuwa na timu ya watu wanne, na wa nne akahamia Texas. Wakaniomba nishike nafasi kwa wiki mbili. Nilimwuliza baba watoto, akasema, "Nenda, ila usirudi na mkono umevunjika." Nikavaa suruali, gauni pana la magotini juu yake, na mtandio wangu nikaubana vizuri. Ndiyo, kuna baa ndani ya ukumbi, na bia zinapita. Mimi na soda yangu tumekaa kwenye kona yetu na hakuna aliyewahi kutusumbua.

Usiku wa kwanza nilipata 71. Kati ya fremu ya tatu na ya nne nilikanyaga maji yaliyomwagika karibu na meza, sikujua kwamba soli ya kiatu cha bolingi inatakiwa iteleze kidogo unapofika kwenye mstari. Soli iliyolowa haitelezi, inanata. Mguu ukasimama, mwili ukaendelea. Nilianguka kifudifudi mbele ya watu wa timu kumi na mbili, na tufe likaenda mtaroni peke yake bila haraka.

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Kufika Desemba wastani wangu ulikuwa 104, na hapo ndipo nilipoanza kuumia moyo kuliko nilivyoumia goti.

Ligi za watu wa kawaida zina kitu kinaitwa handikapu. Kwetu wanachukua 200, wanatoa wastani wako, kisha wanakupa asilimia 90 ya tofauti. Kwa hiyo mimi wa 104 nilikuwa napewa pini 86 za bure kila mchezo, ili tuweze kushindana na timu yenye mtu wa 190. Nia ni njema. Bila hiyo, wageni tusingecheza hata mwezi. Lakini nahodha wetu alipenda kunifariji kwa kusema, "Usijali, handikapu yako ndiyo inayotubeba." Jamani. Kubebwa na udhaifu wangu! Mwingine akanong'ona kwamba hata nisijitahidi sana mpaka Aprili, wastani ubaki chini, halafu mwishoni niamke. Alisema kwa mzaha, ila si mzaha. Hila hiyo inajulikana kila ligi na ina adhabu zake. Nilimwambia kwetu hiyo inaitwa wizi, tukacheka wote wawili, lakini hakurudia tena.

Sasa, kazini nina bibi mmoja ninayemhudumia asubuhi. Jina lake silitaji, kazi yetu hairuhusu, mimi namwita Bi Mkubwa na yeye amelipenda, anasema linasikika kama cheo. Ana miaka karibu tisini, hatembei, na ni mtu wa maneno machache. Asubuhi moja, namvalisha soksi, akaona kidole gumba changu kimevimba, ngozi imechubuka pembeni. Akakishika, akakigeuza, akasema, "Tundu dogo. Na unalibana."

Sikuelewa. Akasema, "Tufe. Unacheza bolingi. Tundu la kidole gumba ni dogo na wewe unalibana."

Kumbe amecheza ligi miaka arobaini. Amekulia Detroit, na baba yake alicheza kabla yake, enzi ambazo chama kikubwa cha bolingi cha Marekani, kilichoanzishwa 1895, kiliandika kwenye katiba yake kwamba wanachama ni weupe tu. Kifungu hicho hakikufutwa mpaka 1950. Weusi waliunda chama chao hapo hapo Detroit mwaka 1939, wakawa na ligi zao na mashindano yao, na chama hicho kipo hadi leo. Bi Mkubwa ananisimulia haya huku macho yakiwa dirishani, bila kupandisha sauti. Baba yake alifanya kazi kiwandani, alicheza usiku kwa sababu ndio muda waliopewa. Nilipokuwa naanguka kifudifudi kwenye ukumbi ule na watu wakanipigia makofi ya kunitia moyo, sikujua kwamba kuna aliyelipia nafasi ile kabla yangu.

Tangu siku hiyo, kila Jumatano asubuhi nilikuwa naripoti. Na mara ya kwanza nilipomwambia, kwa majivuno kidogo, "Jana nimepata 118 na straiki mbili," akanikata. "Sikukuuliza ulizoangusha. Niambie zilizobaki."

Sikuwa na jibu. Nani anakumbuka zilizobaki?

Basi nikanunua daftari la dola moja. Pini zina namba: ya mbele ni 1, nyuma yake 2 na 3, kisha 4, 5, 6, na mstari wa mwisho 7, 8, 9, 10, ukihesabu kutoka kushoto. Kila fremu niliandika namba zilizobaki baada ya tufe la kwanza, na alama kama nilizimaliza. Wenzangu walidhani naandika madeni. Jumanne nne, michezo mitatu kila usiku, ni fremu 120. Nikakaa jikoni na binti yangu tukajumlisha. Straiki zilikuwa 9. Lakini mara 38 nilibakiza pini moja tu. Moja! Na katika hizo 38 niliiangusha mara 11.

Pini moja iliyosimama unaidharau, unasema ni alama moja tu. Lakini ukipata spea unapewa 10 pamoja na zote utakazoangusha kwa tufe linalofuata. Kwangu mimi tufe la kwanza lilikuwa linaangusha kama 7. Kwa hiyo kila pini moja niliyoiacha ilinigharimu kama alama 8. Mara 27 kwa 8 ni 216. Gawa kwa michezo 12, unapata 18. Alama 18 kila mchezo zilikuwa zinabaki zimesimama pale mwisho wa njia, wakati mimi nahangaika jinsi ya kurusha kwa nguvu zaidi ili nipate straiki kama yule kijana wa njia ya pili.

Na hesabu nyingine ambayo Bi Mkubwa alinifanyisha kichwani huku namchana nywele: mtu anayeangusha 9 kila tufe la kwanza na kukosa ile moja kila mara, anamaliza na 90. Mtu anayeangusha 9 vile vile lakini anaimaliza ile moja kila mara, anamaliza na 190. Bila straiki hata moja. Nilirudia hesabu kwenye basi, nikaona ni kweli.

Basi tukaanza upya, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi nimesimama mbele yake na taulo.

Kwanza, uzito. Nilikuwa natumia tufe la ratili 14 kwa sababu wenzangu walitumia hilo na sikutaka kuonekana dhaifu. Mimi nanyanyua wazee wazima kila siku, iweje nishindwe na tufe? Akasema si suala la kunyanyua, ni suala la mchezo wa tatu: kama bega la kulia linashuka ukifika huko, tufe ni zito. Nikashuka hadi 11. Bado nilikuwa natumia ya ukumbi, ila nilipekua rafu yote mpaka nikapata lenye tundu la kidole gumba linaloingia kwa raha na kutoka kwa raha. Usipopata, utalibana ili lisidondoke, na ukilibana huliachii kwa wakati, linakwenda linakotaka. Uvimbe ulipungua ndani ya wiki mbili. Kazi yangu ni mikono, kwa hiyo hata kama alama zisingepanda hata moja, hilo peke yake lingenitosha.

Pili, mkono. Nilikuwa nalirusha tufe. Sisi tuliocheza rede utotoni tuna mkono wa kurusha, kiwiko kinakunjwa, bega linasukuma, unamlenga mwenzako kiunoni. Huku ni kinyume. Tufe linasukumwa mbele kidogo pamoja na hatua ya kwanza, kisha linaachwa lishuke lenyewe, lipande nyuma, lirudi, kama kamba ya bembea. Uzito wake ndio unaofanya kazi, mkono unalisindikiza tu. Alinifundisha nyumbani kwa pasi. Pasi ya umeme, waya umefungwa vizuri, natembea ukumbini hatua nne polepole, mkono unabembea. Baba watoto akainua macho kwenye taarifa ya habari, "Sasa ndiyo utaturushia pasi?" Binti yangu alinirekodi kwa simu, na hapo niliona kitu ambacho nisingekiamini kwa kuambiwa: hatua yangu ya mwisho nilikuwa nasimama wima kama mlingoti, tufe linadondoka kutoka kiunoni. Goti la kushoto linatakiwa likunjwe, mguu uteleze, na ubaki hapo hapo mpaka tufe lifike. Wanaotumia mkono wa kushoto wageuze yote haya.

Tatu, macho. Mimi nilikuwa naangalia pini. Kila mtu anaangalia pini, ndizo zinazong'aa. Lakini kama mita 4 na nusu mbele ya mstari kuna mishale saba imechorwa kwenye mbao, na ni rahisi zaidi kulenga kitu kilicho karibu kuliko kilicho mita 18. Njia ina mbao nyembamba 39, na mishale iko kila baada ya mbao tano. Unachagua mshale, unauangalia, unaupitishia tufe juu yake, basi. Pini zitajua zenyewe.

Na hapo ndipo ilipokuja siri ya spea, ambayo si siri, kila kocha anaifundisha, ila mimi sikuwa na kocha. Mshale haubadiliki, miguu ndiyo inayobadilika. Nikibakiza pini ya kushoto, nahamia kulia. Kama ni 2, mbao tatu. Kama ni 4, mbao sita. Kama ni 7, ile ya pembeni kabisa, mbao tisa. Nikibakiza za kulia nahamia kushoto kwa hesabu hiyo hiyo: 3, 6, 9. Ukikaa ukifikiri ni kama dirisha: ukitaka kuona kilicho kushoto nje, unasogea kulia ndani. Tufe linapita dirisha lile lile, linatokea upande mwingine. Sio dawa ya kila kitu, kila mtu anarekebisha kidogo kulingana na hatua zake (mimi kwa namba 10 nahitaji mbao kumi, si tisa), lakini kabla ya hapo nilikuwa nasimama mahali pamoja na kuomba Mungu.

Kuna mambo ya mafuta ya njia pia, kwamba katikati yamepakwa mengi na pembeni machache, na kwamba kadiri usiku unavyokwenda matufe yanayafuta na kuyahamisha, ndiyo maana wale wanaolizungusha tufe wanalalamika mchezo wa tatu. Mimi wangu unakwenda moja kwa moja, sihangaiki nayo bado. Kwa wanafunzi: vyuo vingi vya Marekani vina njia za bolingi ndani ya jengo la wanafunzi, na bei yake ni ndogo kuliko kumbi za mjini. Ulizeni kabla hamjalipa huko nje.

Februari binti yangu, bila kuniuliza, akaituma ile video ya ukumbini kwenye kundi la familia, na nyingine ya Jumanne nikipata straiki na kuruka ruka kama mtoto. Shangazi wakatuma vicheko. Mama akatuma ujumbe wa sauti, kwamba tufe lile ni zito, nisije nikaumia mgongo. Kaka yangu aliandika maneno mawili, "Kumbe ipo."

Wanaojua wanajua. Wiki ile ile nilikuwa nimemwambia pesa ya bati za jiko la mama nitatuma mwisho wa mwezi, si katikati. Nilikuwa nasema kweli. Nililipa bima ya gari. Lakini yeye aliona fulana, viatu, taa za rangi, na akafanya hesabu yake. Niliandika jibu refu nikafuta. Nikaandika fupi nikafuta. Nilitaka kumwambia kwamba hizo dola 17 ni chakula cha mchana ambacho siku hizi nabeba kutoka nyumbani, kwamba fungu la mama halijapungua hata senti, kwamba katika miaka tisa hapa sikuwahi kuwa na kitu hata kimoja ambacho si kazi wala si wajibu. Yote ni kweli na yote yangesomeka kama mtu anayejitetea. Bati zilitumwa mwisho wa mwezi kama nilivyosema. Jiko limeezekwa, nimeona picha. Yeye na mimi tunasalimiana, mambo ya bolingi hayatajwi. Najua wengi wenu mna kaka wa namna hiyo, na wengine ndio hao kaka.

Jumanne iliyofuata nilitaka kuacha. Nilimwambia Bi Mkubwa mchezo umekuwa ghali. Akaniuliza, ghali kwa pesa au kwa maneno? Nikasema maneno. Akanyoosha mguu nimvalishe soksi.

Msimu umeisha wiki iliyopita. Wastani wangu ni 127, handikapu yangu imeshuka kutoka 86 hadi 65, na nahodha wetu, masikini, hajui kama afurahi au alie. Usiku wa mwisho tulikuwa tunagombea nafasi ya tatu na timu ya watu wa posta. Mchezo wa tatu nilikuwa nacheza kuliko nilivyowahi kucheza maishani, spea tano, straiki tatu. Fremu ya 10, mimi ndiye wa mwisho. Tufe la kwanza zikaanguka tisa. Ikabaki namba 10, peke yake, pembeni kulia, imesimama kama imekodishiwa pale. Ningeiangusha, ningepata na tufe moja la nyongeza. Wenzangu wote walikuwa wamesimama. Binti yangu alikuwa anarekodi.

Ilipita kulia kwake, karibu kabisa, upepo tu, ikaingia mtaroni. Nilimaliza na 158, alama kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na timu yetu ikashindwa kwa pini nne.

Jumatano asubuhi niliingia chumbani na chai. Bi Mkubwa alikuwa ameamka kitambo, ameshavaa miwani. Nikamwambia 158. Akasubiri. Nikamwambia namba 10, fremu ya mwisho.

"Miguu uliiweka ubao wa ngapi?"

Nikafikiri. Nilikumbuka makelele, nilikumbuka simu ya binti yangu, nilikumbuka jasho kwenye vidole. Ubao sikuukumbuka.

"Basi," akasema, akachukua kikombe. "Ligi ya kiangazi inaanza lini?"